Ubao Niliompa Masanja

Alhamisi. Ukungu umeukalia mtaa wetu wa Majengo tangu alfajiri na sasa ni saa nne, bado siuoni hata mnara wa simu ulio ng'ambo ya barabara. Manyunyu. Baridi ya Ufipa inayoingia mpaka kwenye mifupa. Sikio langu la kushoto linavuma kama redio iliyopoteza stesheni, na nikitafuna upande huo naona nyota.

Nimefungua karakana lakini sijashika randa. Nimekaa juu ya meza ya kazi, simu mkononi, naandika.

Wanaonifuata hapa wamezoea niwape habari za mbao. Kwa anayesoma kwa mara ya kwanza: mimi ni seremala. Natengeneza vitanda na madirisha kama maseremala wenzangu wa Sumbawanga, ila kwa miaka mitano sasa natengeneza pia mbao za kupandia mawimbi, zile ambazo mtu husimama juu yake akateleza na wimbi mpaka ufukweni. Tunazipeleka Kasanga, Ziwa Tanganyika, chini kabisa ya milima hii. Watu hucheka. Baridi yote hii, mahindi na ulezi kila upande, na wewe unazungumza mawimbi? Lakini ziwa lile likichafuka halina udogo wowote, na sisi tulilijua likiwa limechafuka.

Nikisema sisi, ni mimi na Masanja.

Leo siandiki ili mtu ajifunze. Naandika kwa sababu nimefanya jambo baya, na mpaka dakika hii tunaolijua ni watu watatu tu.

Masanja ni rafiki yangu. Sijui kama bado nina haki ya kulitumia neno hilo, lakini sina jingine. Baba yake alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga akaweka boma kule bonde la Rukwa, na yeye akapanda huku mjini kuishi na dada yake, Minza, fundi cherehani, mlango wa tatu kutoka kwangu. Ana kilo tisini na tano na mabega mapana kama mlango. Mimi nikishiba sana nafika sitini na moja. Yeye alikuwa na moyo wa kuingia majini. Mimi nilikuwa na akili ya mbao. Hakujua, wala hakutaka kujua, kwa nini ubao huu una pezi moja chini yake na ule una matatu. Tukifika ufukweni aliyatazama maji, akanitazama mimi, akauliza, "Nichukue upi?"

Nami nilimwambia. Miaka mitano, na hata siku moja hakubishana.

Mwezi uliopita walikuja wageni wawili kutoka Dar, vijana waliozoea mawimbi ya bahari. Mimi nilikuwa Msanzi siku hiyo, nafunga madirisha ya nyumba ya mteja. Walimrekodi Masanja akiteleza, wakairusha video mtandaoni. Niliiona kwenye simu ya mtu. Masanja amesimama na ubao wangu wa futi tisa, ule ulionila miezi mitatu, anaulizwa nani kautengeneza. Anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Mwenyewe," anasema. "Hizi zote ni kazi ya mikono yangu."

Alipoingia karakana jioni ile alisema, "Mambo, fundi," kama kawaida. Nilimsukuma kifua kwa mikono yote miwili, akagonga rafu, makopo ya vanishi yakaanguka. Alidhani natania. Alipoona sitanii na yeye akapandisha hasira.

"Sasa wangekurekodi wewe? Unaogopa maji, wewe!"

Nilimrushia nyundo. Ilimkosa, ikaenda kuvunja kioo cha dirisha la mteja. Kabla sijainama kutafuta kingine alishanifikia. Ngumi moja. Nililisikia jino likikatika kabla sijasikia maumivu, kama kijiti kikavu. Nikaanguka kwenye maranda, na mkono wangu ukakutana na patasi.

Hili sikulisema kwa mtu yeyote nje ya waliokuwepo: niliinuka nayo nikaielekeza tumboni mwake. Sikuipunga kutishia, niliipeleka. Aliizuia kwa kiganja, kiganja kikapasuka. Wachomeleaji wa jirani ndio waliotutenganisha, mmoja akanikalia kifuani huku akiniapiza kwa Kifipa.

Minza alifunga cherehani yake akatuburuta wote wawili nyumbani kwake. Akamfunga kaka yake kiganja kwa kitambaa cha mteja. Halafu akaweka sahani moja ya ugali na maharage katikati yetu.

"Mtakula hapa wote wawili," alisema, "au mmoja wenu atoke akiwa maiti, nijue moja."

Tulikula. Kila tonge lilikuwa na ladha ya damu. Masanja ndiye aliyeanza kusema. "Nisamehe, fundi. Nilisifiwa, nikalewa sifa." Nikamwambia yameisha.

Hayakuisha.

Nililala nayo, nikaamka nayo, wiki mbili nzima. Ulimi wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye lile pengo. Na kilichoniuma zaidi ya jino, zaidi hata ya ile video, ni kwamba alisema kweli. Naogopa maji. Yakiwa madogo napanda, yakiwa makubwa nabaki ufukweni nikijifanya nakagua mbao.

Jumamosi iliyopita wale wageni walirudi. Wakati wa mvua huu upepo wa dhoruba hutoka kaskazini, na una ziwa zima la kukimbilia kabla haujafika kwetu. Tulifika Kasanga saa saba mchana na pikapu ya kukodi. Mbingu upande wa Kongo ilikuwa nyeusi tii. Mama mmoja alikuwa anaanua dagaa wake kwenye vichanja haraka haraka, anawatupia kwenye gunia bila kuwapanga. Alituona tunashusha mbao akasimama. "Jamani, leo?" alisema. Tulimwamkia tu tukapita.

Tulikuwa na mbao tatu.

Ule mrefu wa futi tisa: mpana, mnene, pua ya mviringo, pezi moja kubwa katikati. Unaelea kama kitanda. Wa kati, futi saba na nusu, ndio wa Masanja wa siku zote. Niliujenga kwa uzito wake, mbavu za paini ndani na ngozi ya plaiwudi, mkia mpana, mapezi matatu mafupi niliyoyapiga msasa mpaka yakawa mviringo kama kidole. Na mfupi, futi tano na inchi kumi. Huo niliutengeneza kwa kilo zangu mwenyewe, siku zile nikiota kwamba iko siku nitakuwa na roho ya kuutumia. Mwembamba, pua imechongoka. Mapezi yake matatu ni ya mninga, na nilikuwa nimeyafunga Ijumaa jioni. Kingo zake zilikuwa bado kama randa ilivyoziacha. Ungepitisha kiganja kingekatika.

Mawimbi ya dhoruba ziwani hayana subira. Kwenye bahari, hao wageni wenyewe waliniambia, wimbi likishapita unapata nafasi ya kuvuta pumzi na kujipanga. Ziwa linakupiga, na kabla hujameza mate linakupiga tena. Mtu mzito kwenye maji ya namna hiyo anahitaji ubao unaombeba juu, wenye unene, apige mikono avuke haraka kabla la pili halijafika. Ubao wa kati. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Masanja aliyatazama maji. Wageni walikuwa wameshatoa simu. Akanigeukia.

"Nichukue upi?"

Nikamwambia, "Huo mfupi."

Alisita kidogo. "Huu? Utanibeba kweli?"

"Wimbi likisimama wima, ubao mrefu unachomeka pua majini. Mfupi unageuka, na mapezi matatu yanauma maji. Nenda."

Yote niliyosema ni kweli. Ni kweli kwa mtu wa kilo sitini, kwenye wimbi safi. Sijawahi kusema uongo uliojengwa vizuri kama ule.

Nilitaka aanguke. Nilitaka anywe maji mbele ya kamera, arudi anatambaa, na mimi niwe nimesimama pale na kandambili zangu kavu. Basi. Naapa sikutaka zaidi ya hapo.

Alijifunga ule mpira wa mguuni unaoushika ubao usipotee. Akaingia. Maji yalipofika magotini mwake nikayakumbuka mapezi. Niliyaona kabisa kichwani, zile kingo.

Ningeweza kuita. Upepo ulikuwa bado haujawa mkali, angenisikia.

Sikuita.

Wimbi la kwanza lilimkuta amelala juu ya ubao, na ubao wenyewe umezama mpaka kifua chake kimo majini. Hakuwa anaelea, alikuwa anaogelea na mzigo. La pili likamwinua likamgeuza kichwa chini miguu juu. Niliwasikia wageni wakicheka, na mimi nikacheka. La tatu lilipiga pale pale. Halafu ubao ulionekana peke yake ukiruka juu, ule mpira umevutika kama manati, ukasimama hewani kidogo, ukarudi chini ulikotoka.

Nilimsikia. Katikati ya upepo na maji nilimsikia Masanja akipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Nimewahi kuisikia kwa ng'ombe.

Maji yakabadilika rangi.

Sikumbuki nilivyouchukua ule wa futi tisa. Nakumbuka nikiwa tayari ndani, nalia kwa sauti, napiga mikono, mawimbi yananipiga usoni kama mtu anayenichapa kofi moja baada ya jingine kwa makusudi. Uoga wangu wote ulikuwepo, haukwenda popote. Nilikwenda nao.

Nilipomfikia alinishika shingo. Mtu anayezama hamjui rafiki wala ndugu. Alinipanda kama ngazi, kilo zake zote tisini na tano, akanizamisha. Nilifumbua macho chini ya maji nikaona wekundu tu. Nikampiga ngumi tumboni, hakuachia. Nikapata kichwa juu, nikavuta pumzi nusu, akanirudisha. Nikajua tunakufa wote.

Basi nilimpiga pua. Nilimpiga kwa nguvu zote, mara moja, mara mbili, na ya tatu nikausikia mfupa ukivunjika chini ya vidole vyangu. Aliachia. Nikamgeuza nikamlaza kifudifudi juu ya ubao mrefu, nikashika pezi lile kubwa kwa nyuma na kupiga miguu, na mawimbi yale yale yaliyokuwa yakitutafuna yakatubeba mpaka mchangani, yakatutupa.

Paja lilikuwa limefunguka kutoka juu ya goti mpaka karibu na nyonga. Sitaeleza zaidi. Wageni walikuwa wamesimama kama miti, mmoja anatapika. Yule mama wa dagaa ndiye aliyekuja mbio. Alitupa gunia lake, akaufungua ule mpira mguuni mwa Masanja, akaukaza juu ya jeraha kwa meno na mikono, akanipigia kelele, "Kalia hapa! Kalia, usiondoke hata akikutukana!" Nikamkalia rafiki yangu paja mpaka pikapu ikafika. Alinitukana. Baadaye akaacha kunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Pale kituo cha afya walifanya walichoweza, kisha tukaletwa mjini hospitali. Nyuzi arobaini na mbili za nje, za ndani sikuuliza. Minza alimtolea damu. Daktari anasema mguu ataukanyagia, ila kuna mshipa wa fahamu umeguswa. Kukunja vidole, hana uhakika.

Jumapili alipozinduka vizuri aliongea. Pua imevimba, macho mawili meusi. Alimwambia dada yake nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, "Nilichagua ubao vibaya. Huyu ndiye aliyenitoa."

Hakukumbuka. Ngumi zangu za puani zilikuwa zimefuta lile swali lake la ufukweni, na akili yake imejaza pengo kwa namna ya kunihurumia. Minza alinishika mikono yote miwili akanipigia magoti kwenye sakafu ya wodi, mwanamke mkubwa kuliko mimi. Jumatatu aliniletea chapati na chai hapa karakana. Jumanne akaleta tena. Aliniita mdogo wangu.

Nilizitafuna zile chapati zikakataa kushuka. Ningeweza kukaa kimya mpaka kufa. Wageni walishaondoka, na maneno tuliyoambiana pale upepo uliyachukua. Nilikuwa shujaa, mnaelewa? Mtaa mzima ulikuwa unaniamkia.

Jana mchana nilikwenda hospitali nikasimama upande wa miguuni pa kitanda chake, Minza akiwa anamimina chai.

"Hukuchagua," nilisema. "Uliniuliza, nikakupa mfupi. Nilijua hautakubeba. Nilitaka uaibike."

Minza aliacha kumimina. Masanja aligeuza kichwa akanitazama. Nilidhani atauliza kwa nini, lakini aliuliza jingine.

"Na mapezi yaliyonipasua paja? Ulikumbuka hayajapigwa msasa?"

"Nilikumbuka."

"Ukiwa wapi?"

"Wewe ulikuwa umefika magotini."

Sikuiona ile chupa ya chai ikija. Minza alinipiga nayo sikioni, ile kubwa ya lita mbili, nikaenda chini na kitoroli cha dawa. Alinifuata pale chini. Alinipiga kwa chupa mpaka ikavunjika ndani, akaendelea kwa kandambili, kwa ngumi, kwa magoti yake. Hakupiga kelele. Alikuwa anapumua tu, na kila pigo anasema, "Nilikupigia magoti." Tena. "Nilikupigia magoti." Sikuinua mkono. Sijisifu kwa hilo. Sikuwa na mkono wa kuinua. Wauguzi wawili na mlinzi ndio waliomtoa juu yangu.

Masanja alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Toka," alisema.

Nilitoka.

Leo asubuhi saa mbili, nikiwa nafungua kufuli, nilimwona Minza anakuja ndani ya ukungu. Nilisogea pembeni, nikadhani amekuja kumalizia. Alipita akaingia karakana, akaweka daftari jipya la shule juu ya meza, na kalamu juu yake. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba.

"Amesema uandike yote unayoyajua," alisema. "Ubao gani kwa maji gani. Urefu, unene, mkia, mapezi mangapi na kwa nini. Usiache kitu. Amesema akipona hatamuuliza mtu tena."

"Daktari amesema ataweza kurudi majini?"

"Daktari hajasema. Yeye amesema."

Nikakusanya nguvu nikauliza, "Amenisamehe?"

Alinitazama kama anavyotazama mshono uliokwenda upande.

"Hilo sikutumwa," alisema, akaondoka.

Kwa hiyo nimekaa hapa. Madirisha ya watu yananisubiri na mimi najaza daftari. Nimeanza na uzito, kwa sababu ndipo kila kitu kinapoanzia: jipime kwanza, Masanja, usidanganywe na uzuri wa ubao. Ukiulalia maji yakafika kifuani, si wako. Nimeandika kwamba asubuhi za utulivu, wimbi likiwa dhaifu na la kusukuma polepole, chukua mrefu wenye pezi moja, unakwenda mbele moja kwa moja wala hauna haraka ya kugeuka. Kwamba mkia mpana unakushika wimbi likiwa dogo, na mkia mwembamba unakushika likiwa kali. Kwamba pua inayopinda juu haichomi maji wimbi likisimama, lakini inakula mwendo. Kwamba siku ya dhoruba ya kaskazini chukua wa kati, na kama huna wa kati, kaa chini ule dagaa.

Nimeandika pia kwamba kuna siku ambayo jibu sahihi ni kutoingia, na kwamba sikuwahi kumwambia hivyo hata mara moja kwa miaka mitano, kwa sababu nilipenda kuulizwa.

Nimefika ukurasa wa kumi na moja. Juu ya wa kumi na mbili nimeandika MAPEZI, nikapiga mstari chini yake. Tangu hapo kalamu haijasogea. Ninachotaka kuandika ni msamaha, na yeye hakuomba msamaha, aliomba maarifa. Sijui kama mtu anaweza kumpa mwenzake kimoja bila kujaribu kumchomekea na kingine.

Nitajaribu. Kabla jua la kesho halijaukausha ukungu huu, ukurasa wa kumi na mbili uwe umejaa, na uwe na mapezi tu.